Mjane Aliyekatazwa Kutaja Mvua

Juma hili, katika ofisi ya mkuu wa mtaa, nilimsikia mwanamume akimshtaki jirani yake, mjane mzaliwa wa Pweto.

"Ba shefu, jua ilikuwa inawaka. Huyu mama akasema tuanue muhogo, mvua iko inakuya. Ikakuya na radi, ikaua mbuzi yangu. Alijua namna gani, kama si yeye alituma?"

"Niliona mawingu inapanda, upepo inageuka," mjane alijibu, akifumbata kitenge chake. "Njo nikabaambia."

Nikamuuliza mshtaki kama alianua.

"Nilianua. Haikulowa."

Mkuu akainua kidole. "Mama, ukisema tena mambo ya mvua, utahama hii kartie, huu mtaa wetu."

Tulipotoka, wingu jeusi lilikuwa limetanda. Mshtaki yule yule akamgeukia: "Mama, ile iko mvua?"

Mjane akatazama chini, akaenda zake.

Namhurumia aliyepoteza mbuzi, kwa maana hofu yake ni ya kweli. Lakini katika Injili, Bwana alipowakemea waliojua kusoma uso wa mbingu, hakumshtaki hata mmoja kwamba ndiye aliyeleta mvua. Sisi tumemfunga mjane kinywa, kisha tunamwomba unabii.