Wifi Yangu na Mgomo wa Petroli

Wifi yangu ananuka petroli. Nasema hivyo kwa mapenzi, na mwenyewe anajua, maana nimemwambia usoni mara nyingi na hajawahi kuninunia. Anaoga, anasugua mikono kwa limau na sabuni ya unga, anajipulizia manukato, na bado akikaa kitandani kwangu shuka linabaki na harufu ya kituo. Wanawe wawili humtambua kwa harufu hiyo kabla hajabisha hodi.

Ni mhudumu wa pampu namba mbili katika kituo cha mafuta kilicho ng'ambo ya barabara, kinachotazamana na duka langu la ushonaji. Mimi nikiwa kwenye cherehani namwona siku nzima na ovaroli yake ya bluu niliyoipunguza kiuno kwa mikono yangu, na kitambaa cha kufutia vioo begani. Madereva hupanga foleni kwake hata pampu namba moja ikiwa tupu. Pampu namba moja ni ya mpwa wa bosi, na mpwa wa bosi anajaza mafuta huku macho yakiwa kwenye simu.

Mume wake ni kaka yangu, dereva wa teksi na mwenyekiti wa madereva wa kijiwe kilicho mbele ya duka langu. Jina alilopewa utotoni limeshasahaulika, hata mama yetu anamwita Mwenyekiti. Mke huyu alimpata kwa ugomvi. Siku moja alikuja kituoni anafoka kwamba pampu imemwibia, lita hazikutimia. Wifi alileta kopo la chuma la kupimia, akalijaza mbele ya watu wote, mafuta yakasimama pale pale kwenye mstari. Kaka aliondoka, akarudi na soda mbili za kuomba radhi, na haukupita muda tukaambiwa nyumbani tujiandae, kijana anaoa.

Basi miaka ikapita, na mwaka mmoja petroli ikapanda, ikapanda tena, mpaka madereva wakawa wanazima injini kwenye mteremko. Kwenye simu ukaanza kuzunguka ujumbe, hakuna aliyejua umetoka kwa nani: tusisusie vituo vyote, tususie kimoja tu chenye bei ya juu, mpaka bosi wake apige magoti, na akishusha yeye wengine watamfuata. Kijiweni wakaona hiyo ndiyo dawa. Chenye bei ya juu kuliko vyote hapa kwetu kilikuwa cha ng'ambo ya barabara. Wakafanya kikao mlangoni kwangu, wakanizibia wateja asubuhi nzima, wakapiga kura. Kuanzia Jumatatu, teksi ya kijiwe isikanyage pale. Wote wakanunue kituo cha bondeni. Mwenyekiti ndiye aliyesoma uamuzi, kifua mbele utadhani anaapishwa.

Mimi damu ilinichemka. Unasusiaje mahali mkeo anapotafutia riziki? Nilimfuata wifi nikitaka tukasirike wote. Yeye akacheka tu, akasema wana haki ya kujaribu, bei hata yeye inamuuma, kwa sababu gari la kaka yangu linakula meza moja na watoto wake.

Sasa sikia walichofanya mashujaa wetu. Jumapili, siku moja kabla ya mgomo, kila mmoja alijiuliza, je, nikiishiwa katikati ya wiki? Na kituo cha karibu si ndicho hicho hicho? Wakaja wote. Walijaza matangi, wakajaza na madumu, ili wapate nguvu ya kugoma. Foleni ilikata kona. Mwenyekiti mwenyewe alikuja na madumu mawili na uso mkavu kabisa. Bosi hakuwahi kuuza namna ile tangu afungue kituo, akawapa wahudumu wake mkono mmoja mmoja. Jioni wifi alirudi mabega yanamuuma, akamwambia mumewe kwamba mgomo umeanza vizuri. Kaka akasema mwanamke huyu ana dharau. Dharau ya wapi, alikuwa hoi.

Jumatatu kukawa kimya. Jumanne kimya. Wifi alifuta pampu, akafagia, akafuta tena pampu. Yalikuja magari machache ya wapita njia, na pikipiki ya padri ambaye hakusikia habari za mgomo. Kijiweni furaha tupu, wakisema bosi ameshaanza kuona cha mtema kuni.

Katikati ya wiki nikaona lori dogo la tangi linaingia kituoni, halafu linatoka taratibu, limeelemewa. Mchana wifi alipokuja dukani kula nilimuuliza lile lori lilileta nini. Akasema halikuleta, limechukua. Yeye ndiye anayepima tangi la chini ya ardhi kwa fimbo, kila asubuhi, na asubuhi hiyo alipima mbele ya bosi kabla na baada ya lori kunyonya. Kituo cha bondeni kilikuwa kimeelemewa na teksi zetu, tangi lake dogo, mzigo wake hauji mpaka wiki ijayo. Kwa hiyo mwenye kituo cha bondeni amempigia simu bosi, na bosi amemuuzia. Madereva wetu walikuwa wanapanga foleni bondeni, juani, kununua petroli ile ile waliyoisusia, na bondeni nako, walipoona watu ni wengi, walikuwa wameshaongeza bei kidogo.

Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Wifi hakucheka. Alisukuma sahani yake pembeni, akaniambia bosi hana hasara yoyote, ila pampu hazina kazi. Amesema hali ikiendelea hivi, mwisho wa mwezi atabakiza mhudumu mmoja. Hakuhitaji kunifafanulia nani atabaki kati yake na mpwa. Kazi ile anaipenda, mimi najua. Ndiyo iliyomtoa jikoni kwa shangazi yake aliyekuwa akimtumikisha, na ndiyo inayowasomesha wale watoto siku ambazo teksi haipati abiria. Macho yake yalikuwa mekundu. Akaniapisha nisimwambie kaka.

"Kama ni kuacha mgomo, auache kwa akili yake," alisema. "Sitaki anihurumie."

Nikaapa. Lakini niliapa kuhusu kazi, sikuapa kuhusu lori. Jioni nilikwenda kula kwao, na Mwenyekiti akaanza kujigamba kwamba bosi hajauza hata kikombe. Mdomo wangu hauna mlango. Nikamwambia amuulize mkewe lile lori lilibeba nini. Wifi alinikata jicho, lakini alipoulizwa hakudanganya, akaeleza habari za lori mwanzo mpaka mwisho, na akaishia hapo.

Kaka aliacha kutafuna. Akauliza, sauti ndogo, "Na bosi atakulipa wewe ukae bure?"

Wifi akainuka kuondoa vyombo. Hilo likawa jibu, na kaka si mjinga.

Asubuhi aliitisha kikao, tena mlangoni kwangu. Aliwaambia wazi kwamba tumepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na aliyetupaka ni sisi wenyewe. Bosi anauza bila hata kutoa jasho. Bei haiamuliwi na huyu wala na wa bondeni, inatoka mbali, kwa watu wasiojua kama kijiwe chetu kipo. Kama tunataka kuokoa fedha, tuache kuzunguka mji mzima magari matupu tukiwinda abiria. Tukae kwa zamu, simu ikilia aende wa zamu. Mimi nilisimamisha cherehani nisikie vizuri, na kwa mara ya kwanza nikaona kaka yangu ana maneno ya maana.

Wenzake hawakuona hivyo. Mmoja alisema mgomo wa siku nne si mgomo, wavumilie mwezi. Mwingine, mnene mwenye sauti, akauliza kama hotuba ameandikiwa na pampu namba mbili. Kikacheka kijiwe kizima. Kura ikapigwa, mgomo uendelee, na Mwenyekiti akikanyaga kule avue cheo na atafute kijiwe kingine. Kaka anakipenda kile cheo kuliko mnavyodhani. Anakikalia kama kiti cha kifalme.

Nisikuweke roho juu: wifi hakuachishwa kazi. Foleni ya bondeni iliwachosha, na mmoja mmoja wakarudi ng'ambo ya barabara shingo upande, yule mnene akiwa wa kwanza. Zamu nazo wakazikubali, wakadai ni wazo lao, na kaka ni mwenyekiti wao hadi leo. Bei haikushuka hata kidogo. Ilikuja kushuka miezi mingi baadaye, wakati hakuna aliyekuwa amesusia chochote, na mpaka leo kijiweni wanasema waliishusha wao. Mimi nawaacha.

Lakini hayo yote yalikuwa hayajatokea, wala hakuna aliyejua kama yatatokea, pale kikao kilipokwisha na kaka akaingia kwenye teksi yake. Nilidhani anakwenda kutafuta abiria. Akavuka barabara. Nikachukua mkasi wangu, nikavuka nami nikijifanya nautafutia mafuta ya kulainisha, kwa sababu jambo lile singekubali kusimuliwa.

Mpwa wa bosi alimpungia mkono aje pampu namba moja, iliyokuwa karibu. Kaka akampita, akasimama namba mbili, akashuka kabisa garini. Wifi hakusogea. Alimtazama yeye, akawatazama madereva waliojipanga ng'ambo.

"Watakutoa kijiweni," akamwambia.

"Wameshanitoa."

"Kwa ajili ya mafuta tu?"

"Mafuta hata bondeni yapo," kaka akasema.

Wifi akachomoa mpira wa pampu, akaanza kujaza, na kaka amesimama ubavuni kwake. Tangi likajaa, petroli ikafurika, ikawamwagikia wote wawili viatuni, na hakuna kati yao aliyetazama chini.