Kiti cha Pili

Juzi Baba Mdogo, yule mdogo wake baba anayeishi Kanada, alinitumia video ya pikipiki yake ya theluji, nikakumbuka mchana mmoja wa lockdown ya korona kwetu Lidcombe, hapa Sydney. Nyumba ilinukia sombe, mboga ya majani ya muhogo, na treni zilipita karibu tupu zikitikisa vioo vya dirisha. Baba, ambaye hakuwahi kugusa theluji, alikuwa kwenye simu akimchagulia mdogo wake pikipiki, maana kwao mdogo hanunui kitu kikubwa kabla kaka yake hajakubali.

"Hii ina nguvu, Kaka," alisema Baba Mdogo. "Itavuta kuni, itabeba hema na nyama ya mawindo."

"Ina kiti kimoja. Chukua ile ya viti viwili."

"Lakini ile ni nzito, na mimi naishi peke yangu."

"Nimesema ya viti viwili."

Nilidhani Baba anabishana tu kuhusu mashine asiyoijua. Baba Mdogo alicheka, akakubali.

Mipaka ilipofunguliwa, tulikuwa tumeshamzika Baba. Kwenye video ile, tela la nyuma limejaa kuni mpaka zinadondoka njiani. Kwenye kiti cha pili hakuna hata ukuni mmoja.