Mbili Ndani ya Mabano

Nilikuwa na kijiba cha roho, na sioni sababu ya kukificha leo. Aliyenitia kijiba hicho ni mwalimu mwenzangu wa hisabati, kijana niliyemzidi kama miaka kumi. Asubuhi tulifundisha shule moja, mchana kila mtu akashika njia yake. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia watu biashara, Dar nzima ina kabiashara: huyu mitumba, yule soda, sisi walimu tukauza tuisheni. Mimi nilikuwa na chumba cha ghorofani Gerezani, juu ya karakana. Yeye naye akaja kukodi chumba ng'ambo ya barabara ileile. Barabara ileile, jamani! Mji wote huu hakuona pengine?

Kabla hajaja, mwalimu wa hisabati wa mitaa ile alikuwa mimi. Kuanzia Mnazi Mmoja mpaka Kariakoo, mzazi akiuliza nani atamvusha mwanawe kidato cha sita, alielekezwa ngazi za kwangu. Sikuwa na kingine cha kujivunia. Sikuolewa, sikujenga, ila nilikuwa na jina. Sasa viti vikaanza kubaki vitupu, leo kimoja, kesho viwili, na jina nikaliona linaondoka navyo.

Kilichowavuta kwake ni lastiki. Alinunua sokoni lastiki pana, ile ya kutia kwenye kiuno cha sketi, akachora wimbi juu yake kwa kalamu ya wino. Walipofika kwenye mada ya kuvuta na kubana grafu, akawapa wanafunzi wawili washike ncha, wavute. Wimbi likatanuka mbele ya macho yao. Wakalegeza, likarudi. Walikuja kunisimulia wenyewe, tena kwa furaha, kama mimi sina moyo wa kuumia.

Mada yenyewe inasumbua, msidhani. Mbili ikikaa nje ya mabano, grafu inarefuka kwenda juu mara mbili, hapo hakuna anayebisha. Lakini mbili ikiingia ndani, ikamzidisha x, grafu haitanuki hata kidogo. Inabanwa, upana unabaki nusu. Akili ya mtoto inakataa: vipi nizidishe kisha kitu kipungue? Mimi nilikuwa nawaambia, "Ndiyo kanuni, kariri." Yeye aliwaambia, "Mtu wa mkokoteni akienda kasi mara mbili, anafika Kariakoo kwa nusu ya muda. Njia ni ileile, mashimo ni yaleyale, ila yote anayapata mapema." Loo! Mfano ule uliniuma kuliko lastiki. Miaka yote nimepishana na mikokoteni, mbona haukunijia mimi?

Kisha akaondoka mwanafunzi wangu bora, binti wa Kihindi ambaye wazazi wake walikuwa na duka la vitambaa Kariakoo. Alikuja kuniaga kwa adabu kabisa, akanishukuru. Nikamwambia, "Nenda mwanangu, elimu popote." Mdomo ulisema hivyo.

Mwezi mmoja baadaye nilipita dukani kwao kutafuta kitambaa cha gauni. Binti alikuwa nyuma ya kaunta, madaftari yamezagaa mbele yake, anajiandaa na mtihani wa majaribio.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Hebu tuone unasoma nini."

Nikalivuta daftari moja lililokuwa wazi. Mada ilikuwa ileile ya kuvuta na kubana. Na pale, kwa mwandiko safi: mbili ikiwa ndani ya mabano, grafu inatanuka mara mbili. Chini yake mchoro, mpana, umekosewa kwa rula.

Moyo uliruka kwa furaha. Haki ya Mungu, sikumfikiria mtoto wala mtihani wake. Nilimfikiria yule bwana na lastiki yake. "Kumbe haya ndiyo mnayolishwa huko!" nikasema, nikalikwapua daftari, nikatoka.

"Mwalimu, subiri kwanza, hilo ni..." Sikusubiri. Nilikata Kariakoo nikipiga watu vikumbo, binti nyuma yangu ananiita, mpaka Gerezani, nikapanda ngazi mpaka chumbani kwa yule bwana. Alikuwa anafundisha. Chumba kimejaa hadi mlangoni, wengi wao ni wa kwangu wa zamani.

"Mwalimu mwenzangu," nikasema kwa sauti ya kusikika barabarani, "samahani kwa kukukatiza. Hawa watoto wana mtihani. Soma hapo uliwaandikisha nini."

Akalipokea daftari. Akasoma. Akafunua ukurasa wa pili, notsi zilipoishia. Nilikuwa nimesimama ubavuni pake, kwa hiyo niliona alichokiona: tarehe ya miezi mitatu nyuma, na pembeni alama ya vema, kwa wino mwekundu, na sahihi yangu.

Nikakumbuka. Kwangu, mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri ndiye aliyenakili notsi zangu ubaoni, wenzake nao wakinakili kutoka pale. Mimi nilipaswa kusimama nyuma nikikagua. Miezi ile nilikuwa nasimama dirishani, nahesabu wanaoingia kwa jirani. Mnakili alikosea, darasa zima likakosea naye, na mimi nikapitisha kalamu nyekundu daftari kwa daftari bila kusoma.

Binti alikuwa amefika mlangoni, anahema. Alinitazama, kisha akatazama chini.

Yule kijana akafunika ukurasa kwa kiganja. "Dada yuko sahihi," akawaambia wanafunzi. "Hapa nilikosea mimi. Kila mwenye sentensi hii aifute: mbili ikiwa ndani, grafu inabanwa. Asante, dada."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Neno moja tu lilitosha. Nikasema, "Ni kawaida, hakuna asiyekosea," nikashuka ngazi. Na nilimchukia siku ile kuliko siku zote, kwa sababu hata uungwana alinizidi.

Habari ikaenea upesi kwamba nimemkosoa yule bwana mbele ya darasa lake na amekubali. Wiki iliyofuata wanafunzi tisa walirudi kwangu. Yule binti hakuwamo. Niliwapokea kwa bashasha, nikafuta ubao mwenyewe, nikaanza kuandika notsi kwa mkono wangu. Mmoja akanyoosha kidole.

"Mwalimu, eti ni kweli alikosea ile ya ndani ya mabano?"

Nilibaki nimeuelekea ubao.

"Alikosea," nikasema. "Haya, fungueni madaftari."