Miksa ya Taa Iliyogoma Kuingia Mlangoni

Niliwahi kununua mashine ambayo haikupita mlangoni, na mpaka leo sijapata bahati kubwa kuliko hiyo kazini kwangu.

Tulia nikusimulie.

Mimi ni mtu wa taa kwenye kikundi cha maigizo. Ukiona jukwaa linafifia taratibu wakati mtu analia, ujue nipo kule nyuma juu, kwenye kachumba kenye dirisha, nasukuma feda za miksa, ile mashine ya kuongozea taa. Feda ni vile vitufe unavipandisha taa inawaka zaidi, unavishusha inafifia.

Mke wangu naye anaigiza kwenye kikundi hichohicho. Mwaka wa nne huo. Na miaka yote hiyo nyumbani kwetu kulikuwa na kesi moja isiyoisha.

"Mume wangu, watu wananisikia tu. Uso wangu hawauoni."

"Mbona mimi nakuona unang'aa?"

"Nang'aa wapi? Hata nikipigwa picha natokea kivuli."

Nikawa naisingizia miksa. Ilikuwa kuukuu kweli, feda kumi na mbili na mbili zimekufa. Nikamwambia siku tukipata nyingine, mambo yatakuwa moto.

Siku moja tunakula, akaniambia kwa upole kabisa. Angefoka nisingeogopa.

"Onyesho linalokuja uso wangu ukibaki gizani, naacha kuigiza. Wala sitagombana na mtu."

Nikarudisha tonge sahanini. Huyu mwanamke jukwaa ndiyo roho yake. Akiacha kwa sababu yangu, nitamtazama kwa macho gani?

Nikaenda kwa Mwalimu, ndivyo tunavyomwita kiongozi wa kikundi. Akakuna kichwa, akatoa akiba yote. Hazikuwa hela za kutamba.

"Ndizo hizo tu," akasema. "Usininunulie mbwembwe."

Nikanunua mbwembwe.

Dukani kulikuwa na fundi mtu mzima, anauza vyombo vya jukwaani, vipya na vilivyotumika. Kwa hela yangu akaniwekea miksa mbili mezani. Ya kwanza mpya, ndogo, unaibeba kwapani, feda kumi na mbili, na ukishapanga taa zako inakumbuka mpangilio. Ya pili imetumika, pana kama mlango wa kabati, feda arobaini na nane kwa safu mbili.

Moyo ukaenda kwa lile dude moja kwa moja.

"Taa zenu ngapi?" fundi akauliza.

Tulikuwa nazo kumi tu.

"Kama arobaini hivi," nikajibu. Sijui nilikuwa namringia nani.

"Na pa kuiweka papo?"

"Nafasi tele."

Akaniangalia, akaandika risiti. Nikatoka pale nimevimba kichwa.

Sasa kile kachumba changu unakipanda kwa ngazi ya chuma, na mlango wake mwembamba. Tulikuwa wanaume wanne. Tukalibeba lile dude kwa ubavu, kwa kimo, tukaligeuza juu chini. Wapi. Mwalimu amesimama chini, mikono kiunoni.

"Ulipima mlango?"

"Nilipima bei."

Waigizaji walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi jasho linanitoka, maana onyesho ni keshokutwa na miksa ya zamani nilishaifungua vipande kwa furaha. Nikampigia fundi anibadilishie. Akasema ile ndogo ameiuza asubuhi, nisubiri wiki ijayo.

Hapo hatukuwa na ujanja. Tukaliweka ukumbini, safu ya tatu, juu ya viti vinne, waya tukaupitisha ukutani. Mwalimu akawa anahesabu viti vilivyopotea huku anasonya.

Jioni ile tukafanya mazoezi ya mavazi, yale ya kuvaa kabisa nguo za mchezo. Nikakaa safu ya tatu kama mtazamaji. Katikati ya jukwaa, mwanga safi kabisa. Mke wangu akaingia, akasimama pembeni, pale ambapo mama wa kwenye mchezo anamngojea mwanawe. Nikasukuma feda yake mpaka mwisho.

Nywele zikang'aa. Mabega yakang'aa. Uso haupo. Macho yamekuwa mashimo mawili meusi.

Nikasukuma tena, nimesahau imeshafika mwisho.

Ndipo nikainua macho. Taa yake nilikuwa nimeitundika juu ya kichwa chake kabisa. Kule kachumbani niko juu, naona kichwa kinawaka na sakafu inawaka, narudi nyumbani na amani yangu. Nilikuwa sijawahi hata siku moja kukaa kitini nikatazama onyesho letu. Miaka minne nilikuwa namwangaza mke wangu utosi.

Nikasimamisha mazoezi. Nikapanda ngazi, nikaishusha ile taa, nikaitundika kwenye bomba la mbele, nikaielekeza usoni. Dakika ishirini, na sikutoa hata senti. Miksa ya zamani ingetosha kabisa.

Nikarudi kitini, nikapandisha feda moja.

Nyusi zake zilisogea kabla hajasema neno. Kidevu kikatetemeka kidogo. Sikujua kama huwa anafanya hivyo. Machozi yalinitoka, sifichi.

"Mbona kimya?" akauliza kutoka jukwaani. "Nipo gizani tena?"

"Hapana. Nisamehe, mke wangu. Kosa halikuwa la miksa. Lilikuwa langu."

Akakinga macho kwa kiganja. "Sasa hii inaniumiza."

"Mama, endelea na maneno yako," Mwalimu akasema. "Kesi mtaimalizia nyumbani."

Siku ya onyesho watu walijaa. Lilipoisha, mama mmoja mtu mzima, mtazamaji wetu wa kila mara, akanifuata pale kwenye dude langu.

"Mwanangu, mmefanya vizuri kumbadilisha yule mwigizaji wa mama. Huyu mpya anaigiza mpaka kwa macho. Yule wa zamani alikuwa anasema maneno tu."

Mke wangu alikuwa nyuma yangu, bado na vazi la jukwaani. Nikatamani nijifiche chini ya kiti.

"Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba. Kumbe ni wewe? Hongera sana. Yule mwenzako amepatwa na nini?"

"Alikuwa na matatizo na mume wake."

"Maskini. Yameisha?"

"Yameisha juzi," akasema, akanishika bega. "Mume alishuka ngazi."

Basi, wewe unayefanya kazi ya kutazamwa na watu, kabla hujalaumu chombo chako na kutafuta hela ya kingine, kwanza nenda ukakae kwenye kiti cha anayekutazama. Mwigizaji wa zamani hajarudi tena, na huyu mpya nalala naye nyumba moja.