Kabla Watu Hawajatoka Kanisani

Jumapili asubuhi, parsele yetu ya Keshero, uwanja wa nyumba zetu wenye ukuta na geti moja, hubaki mikononi mwangu. Majirani wote huenda kanisani, na mimi Mwislamu hubaki na kuku. Wananitania kwamba ni polisi wao asiye na mshahara. Nawajibu kwamba hata wale wengine hawalipwi.

Jumapili ile nilikuwa naanika nguo nilipomwona baba anayetuletea maji ya ziwa akitoka chumbani kwa mama mshonaji na cherehani begani. Mama mshonaji ni mjane. Alitoka kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya na watoto wake na cherehani ile, basi.

Hasira zangu hunitangulia siku zote. Nilifunga geti kwa kufuli, nikashika sufuria na mwiko. Kwetu mwizi akionekana unagonga sufuria, jirani anagonga yake, na mwingine, mpaka avenue nzima inalia na vijana wanafika na mawe. Hakuna anayeuliza maswali. Na ukijulikana ulimwona ukanyamaza, wewe pia ni mwizi. Mara moja nilishaona kilichobaki barabarani, na kwa muda mrefu sikuweza kula nyama.

"Mama, minakuomba," akasema, akiishusha cherehani. "Balininyang'anya chukudu yangu ya mbao ya kusukuma, sina tena cha kubebea maji. Ukigonga ile sufuria, batanichoma."

"Na huyu mama atashona na nini? Na meno?"

Ningeweza kumfungulia akaenda zake, lakini nani alinipa ruhusa ya kusamehe kwa mali ya mwenzangu? Na nikigonga, watoto wa huyu baba wangezika nini? Nikamwambia airudishe cherehani mahali pake, apigilie upya komeo alilolivunja, kisha amngoje mwenyewe amwombe radhi.

"Mama, batu banatoka kanisani sasa hivi!"

"Ndiyo maana nakuambia fanya haraka."

Nilijiona nimepata njia nzuri, yule arudishiwe haki yake na huyu abaki na roho yake. Nilijisifu, kusema kweli. Halafu nyimbo za kanisani zikakoma.

Barabara ikajaa sauti. Nilisikia vijana wakicheka nje ya ukuta, wale wale wenye mawe. Misumari ilikuwa ikimponyoka yule baba, anaiokota, inamponyoka tena. Hapo ndipo hofu iliponishika barabara. Nilikuwa nimemfungia mtu ndani ya kifo chake, na ufunguo nilikuwa nao mimi kiunoni.

Geti likagongwa. Nilimfungulia mama mshonaji na watoto wake, na nyuma yake wanaume wa avenue wakasimama kusalimiana. Aliona mlango. Aliona mwanaume amepiga magoti. Nikamnong'oneza yote, na kwamba cherehani imo ndani, nzima.

Akawageukia wanaume pale getini. Mdomo wake ukafunguka.

"Maji ya leo ulileta?" akamwuliza yule baba kwa sauti ya kila siku.

"Hapana, mama."

"Basi enda."

Yule baba akainuka, akapita katikati ya wanaume. Mmoja akamsalimia, akamwuliza habari za watoto. Alijibu, akaenda.

Machozi yalinitoka. Nilimshika mama mshonaji mkono, nikamwambia Mungu ambariki kwa huruma yake. Akauondoa mkono wake. Ulikuwa wa baridi kabisa, na midomo yake ilikuwa imekauka.

"Huruma gani, mama? Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka bamuue." Akawatazama watoto wake, waliokuwa bado wamemshika kitenge. "Uliniwekea roho ya mutu mu mikono, batoto bangu banaangalia. Siku ingine, kata maneno wewe mwenyewe, usiniachie mimi."