Povu Lililonifikisha kwa Mama Mkwe

Jamani, msinicheke kwanza, mtanicheka nikimaliza, maana habari hii naitoa mwenyewe kabla hamjaipata sokoni Kashikishi, ambako kila mwanamke anayeuza chisense, vile visamaki vidogo vya kukausha, ameshaisikia na ameshaiongezea chumvi yake. Basi chukueni isiyo na chumvi: mimi Ilunga, mtu mzima, baba wa watoto wawili, niliuvuruga mkutano wa kijiji kizima kwa pakiti mbili za sabuni ya unga.

Mimi ni wa ng'ambo, upande wa Kongo, nilivuka ziwa kwa biashara ya samaki, nikampata Chanda, nikamwoa, basi nikanasa hapa Nchelenge. Nikapata kazi ya kuendesha mtambo wa maji machafu kwenye nyumba mpya za wageni zinazojengwa juu ya ufuko, na nyie, mtambo ule niliupenda! Masanduku matatu makubwa ya plastiki, yalikuja na lori yakiwa tayari, yakaunganishwa hapo hapo, siku mbili tu, kazi imekwisha. Maji ya vyooni na jikoni yanaingia la kwanza, uchafu mzito unazama. La pili pampu inapuliza hewa ili vijidudu viule uchafu uliobaki (ndiyo, vijidudu, tunavifuga kama kuku, na mimi ndiye mfugaji). La tatu maji yanatulia, yanatoka meupe, yanakwenda kumwagilia migomba. Kila mgeni aliyekuja nilimpeleka kuona, hata asiyetaka.

Injinia aliyenifundisha alisisitiza jambo moja: maji ya sanduku la pili yakiwa ya kahawia, yananuka udongo ulionyeshewa, ujue vijidudu ni vizima. Kahawia ndiyo afya. Nikarudia mbele yake mara tatu, kahawia ndiyo afya, kahawia ndiyo afya, kumbe mdomo ndio uliojifunza, moyo haukuwepo darasani.

Sasa, mama mkwe. Kwa watu wa mke wangu, mwanamume hamkaribii mama mkwe wake, hamtazami usoni wala hazungumzi naye, mpaka siku ukoo utakapompikia vyakula vya kumwingiza rasmi, na mimi miaka mitano ya ndoa bado sijaingizwa. Nikimwona njiani natumbukia shamba la mihogo (mbwa wa shamba lile walishanizoea, walikuwa hawabweki tena). Salamu zetu zinapita kwa Chanda. Na huyo mama, Bana Chanda, yaani mama wa Chanda kwa lugha yao, ndiye mkubwa wa wanawake wanaoanika chisense kwenye nyavu chini ya mteremko wetu, na ndiye aliyesimama kusema kwamba maji ya choo yakiteremkia samaki wao, nani atanunua? Mkuu wa kijiji akaamua wanawake waje wauone mtambo kwa macho yao. Wakikubali, nyumba nyingine zitajengwa. Wakikataa, mtambo utang'olewa, na mimi nitang'oka nao, nirudi kuwa mkwe asiye na kazi, tena wa kutoka ng'ambo.

Siku moja kabla ya mkutano Chanda alirudi kutoka kwa mama yake na uso mzito.

"Mama anasema ataangalia ile mayi na macho yake, atainusa na pua yake," akaniambia. "Kama anaona iko buchafu, atasema pale pale mbele ya bantu yote."

"Bon, usiogope," nikamjibu. "Ataona mayi muzuri."

Asubuhi nikafungua kifuniko cha sanduku la pili, nikachungulia, nikaona kahawia. Kahawia ileile niliyoisifu miezi yote, lakini siku hiyo niliitazama kwa macho ya mama mkwe, nikaona choo. Nikazima pampu ili maji yatulie. Nikasema moyoni, kidogo tu, harufu ibadilike, nikaenda dukani nikanunua pakiti ya sabuni ya unga yenye picha ya maua, nikamwaga, nikakoroga kwa mti mrefu. Ikanukia! Nikaona ikinukia hivi kwa moja, je, kwa mbili? Nikarudi dukani. (Mimi huyu, niliyefua nguo tangu utoto, ninayejua sabuni na maji vikipigwapigwa vinazaa nini.)

Watu wakaja. Mkuu wa kijiji akaketi mbele, kwaya ya kanisa ikaimba, wanawake wa chisense wakapanda mteremko na vitenge vyao vya kutokea, Bana Chanda akiongoza. Mimi nikajibanza nyuma ya sanduku la tatu, nikichungulia kwa jicho moja, heshima na furaha vikigombana kifuani. Akafika sanduku la pili, akainama, akanusa. Akanusa tena. Akasema kwa Kibemba kwamba pananukia kama siku ya kufua. Wenzake wakatikisa kichwa kwa kuridhika, na mimi kule nyuma karibu nipige kigelegele!

Ndipo injinia, ambaye alikuwa akieleza kila kitu kwa fahari, akashangaa mbona pampu iko kimya, akaiwasha mwenyewe.

Nyie. Mwanzo ilikuwa kama sufuria ya uji, povu likachungulia ukingoni kwa adabu. Halafu likasimama. Halafu likamwagika upande huu na upande ule, jeupe, linanukia maua, likaifikia kwaya, sauti za kwanza zikakimbia, za pili zikabaki peke yao zikiimba, likapanda kwenye kiti cha mkuu wa kijiji, naye bado amekikalia, na upepo wa asubuhi ukalisukuma lote kuelekea ziwani, moja kwa moja kwenye nyavu za chisense.

"Mashini inatapika!" mtu akapiga kelele. "Choo inakuya!"

"Mayo wee, samaki!" Bana Chanda akalia, akateremka mbio, na mimi, bila kuwaza, nikatoka nyuma ya sanduku nikamfuata ili nikunje nyavu kabla ya povu kufika. Nilipiga hatua tatu. Ya nne niliteleza, nikashuka mteremko wote kwa makalio, nikamzoa mama mkwe miguu yote miwili, tukafika pamoja, yeye na mimi na povu, katikati ya chisense wa watu.

Tumekaa uso kwa uso. Miaka mitano namkwepa mwanamke huyu, na mkono wangu umeshika kitenge chake! Nikageuza shingo ili nikimbie.

"Mukwe, usikimbie," akasema, kwa Kiswahili cha sokoni, sauti yake ya kwanza kwangu maishani. "Mu ile mashini munatia nini?"

Juu kule nikamsikia injinia akiapa kwamba hajui, mtambo haujawahi kufanya hivi, na mkuu wa kijiji, povu mpaka kwenye nyusi, akisema uondolewe leo leo. Nikaelewa kwamba nikinyamaza, lawama inabaki kwa mtambo na mimi naokoka na aibu. Lakini mtambo wangu ulikuwa mzima! Kosa lake lilikuwa nini?

"Mama, mashini haina makosa," nikasema, na nikasema kwa nguvu ili wa juu wasikie. "Ni miye njo nilitia sabuni. Pakiti mbili."

"Juu ya nini?"

"Juu niliogopa. Mayi yake ni ya kahawia, iko muzuri vile, lakini nikasema mama ataona ni buchafu."

Akanitazama sana. Akaokota chisense mmoja aliyejaa povu, akamnusa, akamtupa.

"Weye! Miye nauzisha samaki toka niko mutoto. Mutu akiniletea samaki yenye kunukia maua, najua anaficha yenye kuoza." Akasimama, akajikung'uta, akawageukia wa juu, akawaambia kwa Kibemba kwamba mtambo ubaki, mwenye kosa ni mkwe wake, na watakuja tena maji yakirudi rangi yake. Halafu akacheka, akacheka mpaka akashika magoti, na ufuko mzima ukamfuata.

Vijidudu vyangu vilikufa vyote, nawaambia kwa uchungu. Injinia alileta vingine kwa pipa kutoka mtambo wa mbali, na wiki zote hizo za kungoja nilibeba vikapu vya chisense wabichi kutoka kwenye mashua, kufidia wale wa wanawake, na kuku nikapeleka kwa mama mkwe, kuomba radhi kwa kile kitenge nilichokishika. Maji yaliporudi kahawia, Bana Chanda alikuja, akainama, akanusa. "Udongo ya mvua," akasema, akashuka kwenda kuanika samaki wake, na ujenzi ukaendelea.

Mwezi uliofuata ukoo ukanipikia. Niliketi mkekani, sahani zimefunikwa zimepangwa mbele yangu, na shangazi wa Chanda akafunua ya kwanza ili anieleze maana yake. Ndani ilikuwa pakiti ya sabuni ya unga, yenye maua.

"Mukwe wetu," akasema, na nyumba nzima imeshika mbavu, "hii ni ya nguo."

Nimeapa, sabuni haitaingia tena mtamboni. Mama mkwe siku hizi tunakula sahani moja. Ninayemkwepa njiani ni muuza sabuni.