Gitaa Lililokimbizwa Chumvi

Tangu mpiga besi aondoke, Mumbua huimba na kujikuta akinyamaza kidogo baada ya ubeti wa kwanza, akingoja sauti nzito ambayo haiji. Bendi yao ya Gongoni, huku pwani, bado hualikwa harusini, ila nyimbo zimekuwa kama nyumba isiyo na sakafu. Mpiga besi huyo alikuwa akishinda kwenye mashamba ya chumvi, viganja vimempasuka, na jioni hakuligusa gitaa lake kabla ya kunawa kwa ndimu na maji ya kisima, kunusa vidole, na kunawa tena. Lilikuwa gitaa la besi la nyuzi tano, la mbao nyekundu, alilolitamani tangu ujanani. Akilipakata alitabasamu peke yake, kama mtu aliyenong'onezwa jambo.

"Kaka, hilo gitaa au bibi harusi?" Mumbua alizoea kumtania.

"Bibi harusi ungemtuza kwanza ndipo umwone, dada. Hili unaliona bure."

Siku moja mazoezini mpiga besi aliona doa la kutu kwenye skrubu ya gitaa. Muziki ukasimama. "Upepo wa chumvi wa huku utalimaliza," akasema. Mumbua akacheka mbele ya wenzao wote: "Basi lihamishie bara, ukaishi nalo huko!" Yeye hakucheka. Alilipangusa kwa kipande cha kanga, polepole, uzi mmoja mmoja, akalifunga mkobani. Mumbua angali anatamani angenyamaza siku ile.

Mpiga besi sasa anaishi na gitaa lake Vitengeni, bara, mbali na bahari, anauza mbegu za mahindi, na hana bendi.